MJADALA: Kijiji kipige marufuku feni za umeme wa upepo za kujitengenezea, au kiweke masharti?

Mbukwenyi wadau. Naomba tulijadili hili kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, maana huku kwetu Chamwino hoja ishafika kwa mtendaji. Kuna wazee wanataka ipitishwe sheria ndogo ya kumzuia mtu yeyote kusimamisha feni ya kuzalisha umeme nyumbani kwake, na chanzo ni ajali ya Septemba, naieleza kwanza ili tusibishane hewani.

Jirani yangu kijana tu alitengeneza feni yake. Mapanga matatu ya bomba la PVC la inchi 6, nguzo ya mkaratusi mita kama 6, na jenereta ni mota ya tairi ya baiskeli ya umeme aliyoiokota kwa wauza skrepa mjini. Kazi nzuri, mi mwenyewe niliisifia. Ila akachukua chaji kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia betri isichajiwe kupita kiasi, akaiunganishia feni, na hapo ndo kosa lilipo na wengi hawalijui. Kontrola ya kawaida ya sola betri ikijaa inakata, paneli ikikatwa haina neno, inakaa juani tu. Feni ukiikata haikai. Betri inayochajiwa ndo inayoishikilia isikimbie, ukiiondoa ghafla upepo ukiwa mkali ni sawa na baiskeli iliyopakia magunia mawili ikatike breki katikati ya mteremko. Siku ile saa nane mchana betri ikajaa, upepo wa Septemba wa Dodoma mnaujua, kontrola ikakata. Waliokuwepo wanasema walisikia mlio kama nyuki wamehama mzinga, ukapanda, ukapanda, halafu kishindo. Panga moja likachomoka likaruka mpaka zizi la jirani likaua mbuzi mwenye mimba. Kesho yake nilipima mwenyewe, hatua 41. Tundu la boliti lilikuwa limechanika mpaka ukingoni kama karatasi, na yale mapanga mawili yaliyobaki yakaitikisa nguzo mpaka ikalala chini.

Bibi mwenye mbuzi anasema mjukuu wake ndo alikuwa ametoka humo zizini muda huo huo. Kwa hiyo hasira za wazee nazielewa kabisa, na yeyote atakayekuja hapa kusema ni ajali ndogo simuungi mkono.

Ila kupiga marufuku moja kwa moja nakataa, tena nakataa kwa nguvu.

Wanaosema "subirini nguzo za TANESCO" wengi wanakaa karibu na barabara. Kijijini kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000 na mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hakuna feni wala sola duniani itakayompa mtu umeme kwa bei hiyo. Mimi nguzo ikifika naunganisha siku hiyo hiyo. Lakini nguzo zinafuata kijiji pale katikati, shuleni, zahanati, mashine ya kusaga. Sisi tuliohamia mashambani tuko kilomita 4 kutoka nguzo ya mwisho, nyumba moja hapa nyingine kule ng'ambo ya korongo, na kwa haki kabisa mtu wa mipango hawezi kuvuta laini kilomita 4 kwa ajili ya kaya tano. Bwawa la Nyerere linatoa megawati 2,115 na nchi inajivunia, mi pia najivunia, ila umeme hauruki hewani kuja kwenye taa yangu.

Halafu kuna wa "sola inatosha". Hawa wana hoja nzito na lazima niseme ukweli: kama huna kitu na una hela ya kununua kitu kimoja, nunua paneli. Haina kinachozunguka, haina boliti ya kulegea, haiui mbuzi. Mimi nilianza na paneli mbili za wati 100 na betri mbili. Shida yangu ilikuwa usiku. Watoto wanasoma, nina friji ndogo ya kuuzia soda na maji, na betri zinashushwa mpaka chini kila siku, na betri ya kushushwa mpaka chini kila siku haina maisha marefu, muulize fundi yeyote. Feni imenisaidia hapo tu. Kwangu miezi ya Juni mpaka Novemba upepo unaanza kama saa nne asubuhi, unakaza mchana, na giza likiingia bado upo mpaka saa nne, saa tano usiku ndo unaanza kulala. Agosti nilikuwa naandika daftarini, jioni za kawaida zilikuwa zinaingia ampia 4 mpaka 7 kwenye volti 24, yaani wati kama 100 mpaka 170, wakati paneli zimelala. Maana yake friji na taa zinakula upepo, betri inapumzika. Kuanzia mvua zikichanganya mpaka Machi feni haina kazi kwangu, nailaza chini naipaka grisi. Kwa hiyo sisemi upepo ushinde jua, nasema unalindia jua zamu ya jioni.

Sasa wale wa upande wangu nao niwaambie, maana wanaotuharibia hoja ni sisi wenyewe. Kuna video zinazunguka, mtu kachukua alteneta ya gari (ile inayochaji betri ya gari) kafunga mapanga anasema anawasha friji, pasi na pampu. Tupige hesabu. Alteneta ya gari ili ianze kuchaji vizuri inataka izunguke mara 1,000 na zaidi kwa dakika. Feni yenye kipenyo cha mita 2 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika ncha ya panga inakimbia kilomita zaidi ya 370 kwa saa, wewe niambie ni bomba gani la PVC litastahimili hiyo kasi. Ndo maana watu wanatafuta mota zenye sumaku za kudumu zinazozunguka polepole kama hizo za baiskeli, ya kwangu inaanza kuchaji kwenye mizunguko kama 200 tu.

Na upepo wenyewe una tabia yake. Nguvu yake haiongezeki kwa kujumlisha, kasi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nane. Feni ya mita 2 iliyotengenezwa kwa mkono, ikifanikiwa kunasa robo ya nguvu ya upepo unaopita (hata mitambo mikubwa haivuki asilimia 59, hiyo ni sheria ya maumbile aliyoikokotoa Mjerumani Albert Betz), kwa hewa yetu ya Dodoma inatoa hivi: upepo wa mita 3 kwa sekunde wati kama 11, mita 5 wati kama 50, mita 10 wati kama 400. Nimesema hewa yetu kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni ile ile ukiipeleka Dar kwa upepo wa kasi ile ile itatoa zaidi. Anayekuahidi pasi kwa feni ya mita 2 anakudanganya. Na ukiangalia hiyo hesabu utaona kwa nini hatari nayo inakuja ghafla, feni iliyokuwa inacheza na wati 50 asubuhi mchana inapambana na mara nane yake.

Wengine wananitajia William Kamkwamba wa Malawi, yule kijana aliyejenga kinu chake kwa dainamo ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya PVC akiwa hana hata ada ya shule. Namheshimu sana. Ila kosa tunalofanya ni kuchukua ule moyo wake tukaacha kuuliza breki iko wapi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: pale katikati ya kijiji, nyumba zimebanana na nguzo zipo, zuieni, sina ubishi. Huku mashambani ruhusuni kwa masharti, na masharti yaandikwe kwenye hiyo hiyo sheria ndogo. Kwanza kontrola iwe ya upepo, ile ambayo betri ikijaa haikati bali inapeleka umeme wa ziada kwenye hita. Ya kwangu nimechukua koili ya jiko la umeme nikaikata vipande vitano sawa nikavifunga sambamba juu ya tofali za kuchoma, maana koili nzima kwenye volti 24 haivuti kitu. Pili kuwe na swichi ya breki chini, mahali hata mke au mtoto mkubwa anafika, inayogusanisha zile nyaya tatu za mota. Ukiibonyeza wakati upepo ni wa kawaida feni inakuwa nzito inazunguka taratibu kama mtu anasonga ugali wa uwele, na kabla ya upepo kukaza unaibonyeza mapema, usisubiri. Mkia uwe wa kujikunja ili upepo ukizidi feni igeuke ubavu yenyewe. Na mnara uwe wa bomba la chuma lenye bawaba chini na waya nne za kukazia, ili ulazwe bila mtu kupanda, na usifungwe kwenye ukuta wala paa, hasa nyumba zetu za tembe, mtikisiko utaibomoa.

Sharti linaloniumiza kichwa ni umbali. Watu wanasema iwe urefu wa mnara mara moja na nusu, lakini hiyo ni kwa mnara kuanguka tu, panga la jirani lilienda hatua 41 kutoka nguzo ya mita 6. Mi napendekeza mita 50 kutoka nyumba au zizi lolote. Nafasi huku ipo. Ila mita 50 kwa volti 24 ni waya mnene, hata wa milimita 6 za mraba unapoteza volti mbili na kitu kwenye wati 200, na waya huo ndo kitu cha bei kuliko vyote kwenye kazi nzima, kwangu ulizidi bei ya mota na chuma vikijumlishwa. Najua kabisa mtu akiona hiyo gharama ataisogeza feni karibu na dirisha. Ukisema mita 20 waya unapungua ila zizi linarudi kwenye hatari. Hapa sijapata jibu la kuniridhisha, nataka wenye uzoefu waseme.

Kuna mzee mmoja aliniambia kwamba hata hivyo umeme binafsi ni kosa kisheria. Hapana, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haimdai leseni anayezalisha chini ya megawati 1, na hizi za kwetu ni wati mia mia. Ila sheria kutokudai leseni hakumpi mtu ruhusa ya kuhatarisha jirani, na hapo ndo halmashauri ya kijiji ina kazi ya kufanya.

Kingine ni nani akague. Mtendaji hajui koili wala sumaku na hatuwezi kumlaumu. Mi na fundi mwingine wa kuchomelea tumejitolea kwenda kila kaya yenye feni, ziko nne sasa hivi, bila malipo, kabla ya Juni upepo haujaanza. Lakini wazee wanasema mkaguzi hawezi kuwa mwenye feni, na kusema kweli hapo wamenibana. Walio Kongwa, Bahi, Manyoni, mmefanyaje kwenu, na kuna kijiji kilishaandika kitu kama hiki kwenye sheria ndogo zake? Mkutano ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Mbuzi keshalipwa, ila bibi hajakubali bado mnara usimame tena, na hakuna aliyekwenda kukaa naye kumuuliza kwa utulivu anataka sharti gani. Nakwenda kesho.