Cheni ya pikipiki inakauka ndani ya siku mbili: ipakwe oili gani, na kwa utaratibu upi nyumbani?

Mdau_Ngaramtoni

Wakuu, salaam. Pikipiki ni ya cc 150, cheni ya saizi 428 ya kawaida isiyo na oringi (vile vipete vya mpira vinavyoziba viungo), pingili 118, spoketi ya nyuma meno 42. Inapiga Ngaramtoni hadi Arusha mjini na kurudi, na kila wiki inaingia barabara za vumbi. Ikipakwa oili chafu ya injini leo, keshokutwa cheni imeshakuwa kavu na nyeusi, inalia ikizunguka, na rimu ya nyuma imejaa matone. Gereji moja wanasema paka grisi, nyingine wanasema oili ya gia. Dabo stendi ipo. Naomba utaratibu wa kufanya nyumbani: vifaa, kiasi, na irudiwe baada ya muda gani. Pia, huo mlio ni ukavu tu au cheni imeshakwisha?

Spoketi_Sakina

Mkuu, kwanza tuelewane cheni inalika wapi. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi (kibomba kidogo cha chuma), na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya spoketi. Kinachoimaliza cheni ni msuguano wa pini na bushi, huko ndani ambako jicho halifiki. Cheni inaweza kung'aa kwa mafuta kwa nje huku pini zimekauka kabisa, na huo ndio mlio unaousikia.

Oili chafu iache. Imeshapungua uzito, imebeba masizi na chembe za chuma zilizotoka kwenye injini, na kwa kuwa ni nyepesi inarushwa kwenye rimu kabla haijafanya kazi. Grisi nayo ni nzito mno, haipenyi kwenye upenyo kati ya pleti na pleti, yaani vile vibati vya pembeni mwa pingili. Inabaki nje inakusanya vumbi, na hili vumbi letu la majivu ya volkano likichanganyika na grisi linakuwa msasa.

Tumia oili ya gia, SAE 90 au 80W-90. Inapenya, na ikishaingia inashika. Ile ya 140 inashika zaidi ila inachelewa kuingia, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai.

Vifaa: mafuta ya taa nusu lita, mswaki mkuukuu wenye nywele ngumu, matambara matatu makavu, boksi la kukinga chini, na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa. Sindano yenyewe itupe kwa usalama, unatumia bomba tu. Petroli usiitumie kusafishia, inashika moto upesi mno.

Fanya jioni, pikipiki ikiwa imetoka kutembea, maana cheni yenye uvuguvugu inanywa oili haraka. Zima injini, toa ufunguo, weka nyutro, simamisha kwenye dabo stendi. Tafuta klipu ya kiungio (kibanio cha pale ncha mbili za cheni zinapoungana) na uitie alama ya rangi ya kucha ili ujue umeanzia wapi. Kwa pingili 118 na meno 42, gurudumu linatakiwa lizunguke karibu mara 3 ndipo cheni yote ipite mbele yako. Watu wengi wanazungusha mara moja wanadhani wamemaliza.

Sugua pande zote nne kwa mswaki uliochovywa kwenye mafuta ya taa, kisha futa kwa tambara mpaka uchafu usitoke tena. Zungusha gurudumu kwa mkono na kinyumenyume, ili sehemu ya chini ya cheni iwe inatoka kwenye spoketi ya nyuma. Ukizungusha kwa mbele, hapo chini cheni inaingia kwenye meno na tambara linavuta vidole. Na tafadhali sana, usiwashe injini ukaweka gia ili cheni ijizungushe yenyewe. Vidole vinakatika hivyo.

Subiri nusu saa mafuta ya taa yakauke. Yakibaki ndani yataifanya oili kuwa nyepesi.

Sasa oili. Paka upande wa ndani wa cheni, yaani ile sehemu ya chini, uso unaotazama juu. Gurudumu likizunguka oili inasukumwa kwenda nje, kwa hiyo ikianzia ndani inapita kwenye viungo. Ikianzia nje inaruka tu. Tone moja kila upande wa pingili, kwenye upenyo wa pleti ya ndani na ya nje. Hayo ni matone 236. Matone 20 ni kama mililita 1, kwa hiyo unahitaji mililita 12 hivi. Ongeza 3 za kugusa rola, jumla 15. Ukitumia zaidi ya hapo unalainisha rimu. Zungusha gurudumu kinyumenyume mara kama 20, liache usiku kucha, asubuhi futa nje mpaka cheni ikiguswa iache alama hafifu tu kidoleni. Usiiruke hatua ya kufuta: oili ya nje haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuzuia kutu kidogo na kukusanya vumbi. Angalia pia isidondoke kwenye tairi wala kuingia kwenye dramu ya breki.

Muda: kila kilomita 500 kipindi cha kawaida, 300 kwenye vumbi la Agosti hadi Oktoba. Ikinyeshewa, paka jioni hiyohiyo.

Uru_Juu

Nakubaliana na oili ya gia. Naongeza upande wa tope, kwa sababu huku Moshi, Uru na Kibosho, masika ya Machi hadi Mei kazi ni nyingine.

Kwanza, usipeleke mashine ya presha kwenye cheni wakati wa kuosha. Inasukuma maji na mchanga mpaka kwenye pini. Osha tope kwa maji ya kumwagia, futa, tembea kilomita 1 au 2 maji yatoke, ndipo upake.

Pili, rudisheni kava la cheni. Bodaboda wengi wanalifungua kwa sababu linagonga, kumbe linagonga kwa kuwa cheni imelegea. Kaza cheni, funga kava. Cheni iliyofunikwa inakaa safi muda mrefu kuliko iliyo wazi, oili iwe ya aina yoyote. Pikipiki yenye kava zima huwa na tundu lenye kizibo cha mpira. Bomba la sindano linapita hapo vizuri.

Tatu, ikishajaa tope ndani, mswaki hautoshi. Ivue. Toa klipu kwa plasi, lakini kabla ya kuitoa cheni yote, unganisha kipande cha cheni ya zamani kwenye ncha yake ili kipite kwenye spoketi ya mbele. Utakitumia kuvutia wakati wa kurudisha. Loweka kwenye mafuta ya taa saa moja ukiitikisa, ikaushe, kisha iloweke kwenye oili ya gia usiku kucha na uitundike ichuruzike. Hiyo ni kwa cheni isiyo na oringi tu. Yenye oringi imefungiwa grisi kiwandani, hailowekwi. Inafutwa kwa mafuta ya taa haraka na kupakwa oili nje.

Ukirudisha klipu, upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea, uwazi ubaki nyuma. Kwenye sehemu ya juu ya cheni, upande uliofungwa unatazama mbele ya pikipiki. Ikiwekwa kinyume, jiwe likigonga ule uwazi klipu inachomoka na cheni inakatika njiani.

Mafuta ya taa machafu msimwage kwenye mfereji. Watu wa chini wanamwagilia migomba na mboga kwa maji hayohayo. Yawekeni kwenye dumu, yaunganishwe na oili chafu ya gereji.

Mdau_Ngaramtoni

Shukrani wakuu. Imesafishwa na kupakwa kama mlivyoelekeza, mililita 15. Mlio umepungua sana ila kuna sehemu moja bado inagonga kila cheni ikipita, na cheni pale inakaza halafu sehemu nyingine inalegea. Viungo vitatu vinatoa unga mwekundu.

Spoketi_Sakina

Unga mwekundu ni kutu ya ndani, pini zimeshalika bila mafuta. Jaribu kukunja viungo hivyo kwa mkono. Visivyokunjuka vyenyewe ndivyo vinavyogonga. Oili inaweza kuvilegeza, lakini chuma kilicholika hakirudi.

Pima usikisie. Vuta cheni inyooke, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Pingili moja ya 428 ni milimita 12.7, hivyo mpya inasoma 254, inchi 10 kamili. Ikifika 259 imerefuka asilimia 2, badilisha. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu hiyo yako hailiki sawasawa. Kisha vuta cheni nyuma kabisa ya spoketi ya nyuma: ukiona nusu ya jino imejitokeza, hakuna cha kupima tena.

Uru_Juu

Na ukibadilisha, nunua seti: cheni na spoketi zote mbili. Meno yaliyopinda kama ndoano yatairefusha cheni mpya mapema.

Kukaza: tafuta sehemu inayokaza zaidi, hapo ndipo unapimia. Katikati ya cheni ya chini icheze milimita 25 hadi 30, au kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema. Ukikaza kwenye sehemu iliyolegea, ile nyingine itavuta kama waya na kuumiza beringi ya gia boksi. Kaza ajasta (zile skrubu za kuvutia gurudumu nyuma) kwa robo mzunguko, kushoto na kulia sawa, alama zilingane. Nati za ekseli zikishafungwa na kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) kurudi, legeza nati ya fimbo ya breki ya nyuma, kwa kuwa gurudumu likirudi nyuma breki inajikaza na dramu itachemka.

Mdau_Ngaramtoni

Sehemu mbili zinasoma 258, moja 261. Naagiza seti.