Nimeitwa kwenye bodi ya kampuni, nikubali au niache? Naombeni ushauri

DadaHesabu: Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, niko Dar, nina CPA ya uhasibu na mambo ya fedha nimekaa nayo muda mrefu tu. Kuna kampuni ya malori, wanapeleka mizigo Tunduma mpaka Lubumbashi, wamenifuata wanataka niwe mjumbe wa bodi. Wajumbe wote ni wanaume na wanasema wanatafuta mama mwenye kichwa. Sijawahi kukaa bodi yoyote, usingizi sipati naogopa kuaibika. Hivi mwanamke anaanzia wapi haya mambo?

Mzee wa Kijiweni: Posho ya kikao sh ngapi? Taja kwanza ndo nishauri.

MamaTatu: Hongera mdogo wangu. Mimi nilianzia bodi ya SACCOS yetu ya walimu, mkutano mkuu ulinipitisha kwa sababu aliyepangwa alichelewa basi. Nikatupwa kamati ya mikopo, wee, kufungua madaftari mdaiwa sugu ni mwenyekiti mwenyewe, na ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mpaka leo mkewe hanisalimii, nikianika nguo anaingia ndani. Ila mizania naisoma sasa hivi kama barua.

Abuu Kigamboni: Vikao vya bodi vinafanyika hotelini mpaka usiku. Mumeo karidhia? Maana hujamtaja.

DadaHesabu: Kaka nimeuliza bodi sijauliza ndoa.

Kabrasha: Njia zipo. Chama cha Waajiri (ATE) wana programu ya Mwanamke wa Wakati Ujao, waliichukua kwa waajiri wa Norway, kule sheria iliamuru kila jinsia ipate angalau 40% kwenye bodi za makampuni makubwa ya hisa na wakabanwa wawe wametimiza 2008. Unasoma uongozi, kazi za bodi na kuongea mbele za watu, mwombe mwajiri wako akupeleke. Sasa nikuulize, hao jamaa wamekujuaje? Mjumbe wa bodi haokotwi njiani.

DadaHesabu: Tunafahamiana kikazi.

Kabrasha: Kazi gani?

Mzee wa Kijiweni: Kimyaaa 😂

DadaHesabu: Haya jamani. Niko benki, idara ya mikopo, na hiyo kampuni ina mkopo kwetu. Faili lao linapita mezani kwangu lakini siidhinishi peke yangu, kuna kamati, na mkopo ulitoka kabla hawajaniita, sasa kosa liko wapi? Wanaume wangapi wanakaa bodi za marafiki zao mbona hamuwaulizi? Halafu fomu nimeshasaini, namba ya NIDA na TIN wamechukua wakaingize BRELA, kule kwenye usajili wa makampuni.

Kabrasha: Kumbe huombi ushauri, unaomba baraka. Dada, huo ni mgongano wa maslahi mchana kweupe. Mwezi ambao marejesho yatakwama utakaa upande gani wa meza? Sheria ya Makampuni ya 2002 haina mjumbe wa kupamba, ukiingia unawajibika kwa kampuni, na benki wanakudai uaminifu huohuo. Andikia mwajiri wako kesho asubuhi, jitoe kwenye hilo faili, na kabla ya yote omba hesabu zao zilizokaguliwa. Wakianza kuzungushana ujue walikuwa wanamtafuta afisa mikopo.

MamaTatu: Mi nasema akae tu, wanawake tukipata nafasi tunaanza kuchunguzana.

Kizibo: Hii chai, tena haina hata tangawizi. CPA wa benki asijue mgongano wa maslahi? Na akaunti hiihii juzi ilikuwa jukwaa la biashara, ana miaka 29, yuko Kigoma anauza vitenge.

Abuu Kigamboni: Nilijua. Mwanamke asiyemtaja mume.

DadaHesabu: Vitenge ni vya mdogo wangu, akaunti tunachangia. Kama ni chai pita hivi.

Kizibo: Bodi moja, akaunti moja, watu wawili.

Mzee wa Kijiweni: Na posho wanagawana 😂😂

MamaTatu: Samahani mleta uzi, hivyo vitenge vya Kigoma ni wax ya Congo? Jumla doti unaachia bei gani?

DadaHesabu: Mama njoo PM nikupe namba ya mdogo wangu. Ila Kabrasha usiondoke, hiyo barua naiandika kwa meneja wangu au inaenda moja kwa moja HR?