Naomba ushauri: kuchanganya povu gumu na vumbi la mninga ili linyonye sauti

Habari zenu wakuu. Nina chumba cha kurekodia kwaya hapa Tabora mjini, kuta tofali tupu, sauti inagonga na kurudi. Povu gumu la poliyurethani (lile la kuchanganya kemikali mbili za majimaji, likaumuka na kukauka) halikusaidia sana, vitundu vyake vimejifunga. Nikachanganya na vumbi la mninga kutoka kwa seremala jirani, lifungue njia za hewa. Kipande cha kwanza kiliumuka kama andazi, kikapasuka katikati. Nahisi vumbi lilikuwa na unyevu, maana maji yakikutana na isosianati, mojawapo ya kemikali za povu hilo, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Sasa nalianika juani.

Waliowahi kujaribu, niweke kiasi gani kwa uzito? Vumbi laini au maranda? Na hatari ya kushika moto je? Humo wanaimba watoto, hilo linaninyima usingizi.