Mjadala: Je, tunashindwa kuachana na mkaa kwa kukosa elimu au kwa sababu ya mfuko?

Mleta mada

Ndugu zangu, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni dhana inayosikika kila linapozungumzwa, iwe redioni au kwenye semina za halmashauri, kwamba wananchi wameng'ang'ania kuni na mkaa kwa sababu hawana uelewa, na kwa hiyo dawa ni vipeperushi, makongamano na matamasha ya uhamasishaji. Utafiti wa saikolojia ya maamuzi hauiungi mkono dhana hiyo. Fedha tunazozitumia kuwaelimisha watu juu ya jambo wanalolijua zingefanya kazi kubwa zaidi kama zingegeuzwa kuwa mkopo nafuu na gesi inayouzwa kwa kipimo kidogo.

Ushahidi ulio jirani nasi unatoka Nairobi. Watafiti wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walifanya jaribio na kaya zipatazo 1,000 zinazopikia mkaa, wakizipa nafasi ya kununua jiko banifu, yaani jiko lililoboreshwa linalotumia mkaa kidogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la American Economic Review, yalionyesha kuwa jiko hilo lilipunguza fedha za mkaa kwa asilimia 39, na kwamba katika miaka 2 ya uhai wake lingeiokolea kaya dola 237. Pamoja na faida yote hiyo, kwa wastani watu walikuwa tayari kulilipia dola 12 tu. Baadhi ya washiriki walielekezwa kuifikiria kwa makini akiba watakayoipata, yaani walipewa elimu ya aina ileile tunayoihubiri, lakini kiasi walichokuwa tayari kulipa hakikuongezeka. Wale waliopewa nafasi ya kulipa kwa mkopo, kiasi chao kiliongezeka zaidi ya maradufu.

Anayetilia shaka matokeo hayo asimame jioni kwenye genge lolote la uswahilini Dar es Salaam atazame jinsi maamuzi yanavyofanyika. Mama amefika na shilingi 5,000. Humo mna mchele, mafuta ya kupima, fungu la nyanya, dagaa, na kopo la mkaa. Kila kilichopo hapo kimekatwa kulingana na mfuko wa siku moja: sukari imefungwa robo robo, mafuta yanapimwa hata ya shilingi 500, vitunguu vimepangwa mafungu. Gesi peke yake ndiyo inayomtaka atoe zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo kabla ya kuwasha moto. Mama huyo anajua kwamba makopo ya mkaa ya mwezi mzima yakijumlishwa yanaweza kuizidi bei ya kujaza mtungi mdogo. Muulizeni, atawapigia hesabu hiyo kichwani akiwa anasubiri chenji. Kinachomshinda ni kuitenga elfu ishirini hiyo wakati mtoto anadaiwa mchango shuleni na mwenye nyumba anagonga mlango.

Hali ni hiyohiyo tukigusa mitazamo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2024 jarida la Science Advances lilichapisha jaribio lililohusisha karibu watu 60,000 katika nchi 63, ambamo mbinu 11 za kisaikolojia za kubadili mtazamo zilipimwa kwa pamoja. Imani kwamba tatizo lipo ilipanda kidogo, na utayari wa kusambaza ujumbe mitandaoni ulipanda zaidi. Lakini washiriki walipotakiwa kufanya kazi ya kuchosha ili miti halisi ipandwe, hakuna hata mbinu moja iliyoongeza juhudi zao, na baadhi zilizipunguza. Kwangu mimi hilo ni onyo kwa kila anayepima mafanikio ya kampeni kwa idadi ya waliohudhuria au waliosambaza bango. Jambo jepesi ndilo linalobadilika kwanza, na chakula cha jioni si jambo jepesi.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Morogoro na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, hivyo nitasema ninachokiona. Utafiti wa Nairobi ulihusu jiko banifu, ambalo linatumia mkaa uleule, sufuria ileile na mapishi yaleyale, na halina jipya la kumtisha mtu. Gesi si hivyo. Naingia kwenye nyumba ambako mtungi wa kilo 6 uliopatikana kwa ruzuku umesukumwa uvunguni mwa kitanda ukiwa na gesi ndani, kwa sababu mama aliwahi kusikia jirani wa shangazi yake aliungua. Hapo huwezi kusema tatizo ni mfuko, maana gesi ipo na imeshalipiwa. Nimewahi kuchukua povu la sabuni, nikalipaka kwenye maungio ya mpira na kichwa cha mtungi mbele ya familia nzima, nikawaonyesha kuwa pasipotoka mapovu hapavuji, na siku hiyohiyo chai ikachemshwa kwa gesi. Hiyo nayo ni elimu. Isitoshe, wapo wazee wanaosema maharage ya gesi hayana ladha, na mwanamke hawezi kubishana na hilo peke yake. Ukiiondoa bajeti ya elimu, mitungi itazidi kujaa uvunguni.

Mchangiaji wa pili

Mimi naogopa neno mkopo. Mitaani kwetu akina mama wameumizwa vya kutosha na mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu, inayopigia ndugu zako wote ukichelewa kurejesha siku mbili. Leo tuwaongezee deni la jiko? Mtu mwenye kipato cha kubahatisha anaukataa mkopo kwa akili timamu, na mtafiti asije akaliita hilo kutojua faida.

Mleta mada

Dada wa Morogoro ametofautisha vitu viwili ambavyo mkakati wetu umevichanganya, nami nakubaliana naye moja kwa moja. Povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, mbele ya mwenye jiko, ni mafunzo ya kutumia kitu ambacho mtu tayari anacho. Hayo nayatetea, na ningependa yawe sehemu ya lazima ya kila mtungi unaouzwa au kugawiwa, huku mhudumu kama yeye akilipwa kwa kazi hiyo. Bango la barabarani linalosema mkaa unaharibu misitu ni kitu kingine kabisa, maana halimwondolei mtu woga wala halimwongezei shilingi.

Kuhusu deni, ipo njia isiyokopesha. Katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben jijini Nairobi, watafiti walifuatilia kaya zinazotumia mtungi wenye mita, ambapo mteja hulipia gesi kwa simu kidogo kidogo kabla ya kuitumia, valvu hufunguka, kisha hujifunga salio likiisha. Vizuizi vya Korona vilipoanza mwaka 2020 na vibarua kukatika, takriban asilimia 95 ya kaya hizo ziliendelea kupikia gesi. Katika mtaa huohuo, miongoni mwa kaya nyingine ambazo nishati yao kuu ilikuwa gesi, asilimia 27 zilirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Ni kweli makundi hayo mawili hayakupangwa kwa kura, na waliochagua mita huenda walikuwa tofauti tangu mwanzo. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Tukumbuke pia kuwa huduma ya namna hii imewahi kutolewa hapahapa Dar es Salaam na kampuni ya KopaGas, kwa hiyo hatuagizi wazo la kigeni.

Tujifunze na kwa India. Mpango wao wa Ujjwala, ulioanza mwaka 2016, ulifikisha gesi kwenye zaidi ya kaya milioni 80 ndani ya miaka mitatu na ushee, na kwa idadi hiyo ulisifiwa dunia nzima. Walipohesabu ujazaji, kaya hizo zilikuwa zikijaza mitungi kama 3 tu kwa mwaka kwa wastani, maana yake ni kwamba kuni hazikutoka jikoni. Wala sishangai, kwani hata kwetu nyumba nyingi zenye gesi huitumia kwa chai na mayai, kisha maharage na makande yakapelekwa kwenye jiko la mkaa nje. Kwa maharage hayo, jiko la umeme la presha linatumia chini ya uniti moja kuivisha kilo nzima, lakini nani atalithubutu ikiwa anaogopa kupita uniti 75 kwa mwezi na kuhamishwa kutoka kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo wa umeme, ya shilingi 100 kwa uniti? Woga wa kupoteza unafuu ulio nao mkononi ni mkubwa kuliko tamaa ya faida ya baadaye, na woga huo serikali inaweza kuuondoa kwa kubadili kanuni moja ya bei.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaoendelea kuchangia ni hili: kila halmashauri itoe hadharani, kila robo mwaka, idadi ya mitungi iliyojazwa tena baada ya kugawiwa, badala ya idadi ya iliyogawiwa. Mwenye hoja kwamba takwimu hiyo haiwezi kukusanywa kupitia mawakala wa gesi aieleze hapa, maana wengi wao wanalipwa kwa simu na kumbukumbu za malipo hayo zipo.