Mjadala: Shule za mkataba Chicago, na ile asilimia 100 ya kwenda chuo

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Wapo wazazi wenzetu waliohamia Chicago wanaolazimika kuamua mtoto aende shule ipi.

Kwa asiyezijua, shule ya mkataba ni ya umma na haina ada. Inalipiwa na kodi, ila inaendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba wa miaka kadhaa. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Minnesota ilitangulia kupitisha sheria yake mwaka 1991, Illinois ikafuata 1996.

Chukueni Urban Prep, sekondari ya mkataba iliyoanzishwa na Tim King na kufunguliwa 2006 huko Englewood, mtaa wa watu weusi kusini mwa jiji, wenye umaskini mkubwa. Wavulana pekee, koti na tai nyekundu, vipindi mpaka jioni. Kati ya walioingia mwaka ule, asilimia 4 tu walikuwa wakisoma kwa kiwango cha darasa lao. Mwaka 2010 walihitimu vijana 107, na wote walikuwa wamekubaliwa na vyuo vya miaka minne. Kila aliyepata chuo alivua tai nyekundu akavaa yenye mistari ya dhahabu. Hilo silibezi hata kidogo. Kijana anayeambiwa tangu darasa la tisa, mwanzo wa sekondari, kwamba chuo ni chake, akashikwa mkono kwenye fomu za maombi na za msaada wa fedha, anapewa kile ambacho watoto wa wenye nazo hukikuta nyumbani.

Ila hao 107 ni waliofika mwisho. Darasa lililoanza 2006 lilikuwa kubwa kuliko hapo. Mtoto akitoka katikati, mara nyingi anaangukia shule ya mtaa, ambayo haina ruhusa ya kumkataa anayeishi eneo lake. Na kuanzia 2013 mpaka 2024 Chicago iligawa bajeti kwa kichwa: mwanafunzi akiondoka, fedha zilimfuata, lakini paa linalovuja na bili ya kupasha joto vilibaki vilevile. Shule ilipunguza walimu, wazazi wengine wakahama, mwisho ikaitwa tupu. Mwaka huohuo 2013 jiji lilifunga shule zipatazo 50 kwa hoja ya wanafunzi wachache, nyingi zikiwa kwenye mitaa ya watu weusi.

Msimamo wangu: anayetaka kufungua shule ya namna hii aruhusiwe kwa masharti mawili. Asilimia yake ihesabiwe kuanzia walioingia darasa la tisa. Na kiti kikiachwa wazi darasa la kumi au la kumi na moja, kijazwe na mtoto wa mtaa uleule.

Mchangiaji, mama wa watoto wawili

Kaka, masharti yako ni mazuri, lakini mwanangu ana miaka 13 sasa hivi. Mfumo ukinyooka baada ya miaka kumi, yeye itamsaidia nini? Wenye fedha huhamia vitongoji vyenye shule nzuri na hakuna anayewauliza wamemwachia nani shule waliyoihama. Mimi nikiomba bahati nasibu naitwa mvunja shule ya mtaa. Kwa nini mzigo huu abebeshwe maskini?

Mchangiaji, mwalimu

Kumpokea kijana darasa la kumi na moja akiwa nyuma miaka mitatu si mchezo. Ndiyo maana shule nyingi hizi hukwepa. Lakini tuzungumze nidhamu pia, maana ndiyo inayowatoa watoto shuleni. Mtandao wa shule za mkataba uitwao Noble, hapohapo Chicago, ulikuwa ukitoza faini ya dola 5 kwa mwanafunzi aliyerundika makosa madogo, mpaka ukaiacha 2014. Kwa familia ya kima cha chini, dola tano tano zikirudiarudia ni barua ya kufukuzwa.

Mleta mada

Dada, sikulaumu, na ningekuwa mimi ningeomba nafasi hiyohiyo. Ninayembana ni mwanzilishi na jiji linalompa mkataba, si mzazi.

Mwalimu, ugumu huo unaousema shule ya mtaa inaubeba kila wiki, tena kwa fedha pungufu. Kama wote wanakula kodi moja, wagawane na ugumu.

Tena mkataba wenyewe si ukuta. Oktoba 2022 bodi ya elimu ya Chicago ilipiga kura kuufuta mkataba wa Urban Prep kwa shule zake mbili, ya Englewood na ya mtaa wa Bronzeville, kwa sababu za fedha na usimamizi, na suala likafika mahakamani. Wanafunzi walikuwa madarasani wakati wakubwa wanavutana.

Wenye watoto wanaoingia darasa la tisa, mkienda kuitembelea shule ulizeni idadi mbili: mlianza na wangapi, mmemaliza na wangapi? Majibu mtakayopewa yaleteni hapa.