Obama ni mweusi, Mjaluo au chotara? Na nani mwenye haki ya kuamua?

MLETA MADA
Wadau, kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia vijiwe vyetu hugombana juu ya jambo hili, bora tuligombanie kwa mapana. Julai 31, 2024, Donald Trump alihojiwa mbele ya waandishi wa habari weusi mjini Chicago, akadai kwamba Kamala Harris siku zote alikuwa Mhindi, kisha ghafla akageuka mweusi. Mama yake Harris alitoka India, baba yake Jamaika, na mwenyewe alisoma Howard, chuo cha weusi, tangu ujana. Hakuna kilichogeuka. Lakini kijiweni kwetu nusu ya watu walikuwa upande wa Trump! Eti mtu hawezi kuwa viwili.

Haya, Obama. Mama mzungu wa Kansas, baba Mjaluo wa Kenya. Kwenye sensa ya 2010 alitia alama kisanduku kimoja tu, cha weusi, ingawa tangu 2000 fomu yao inaruhusu kutia zaidi ya kimoja. Angeshukia Dar bila kujulikana, angeitwa chotara kabla hajapata teksi. Nyang'oma Kogelo, kijiji cha baba yake, hawahangaiki: ni mtoto wa Barack mkubwa, basi ni Mjaluo, kwisha.

Wengi hucheka kwamba Wamarekani hawajui hesabu, nusu inakuwaje nzima? Hesabu wanaijua sana. Mwaka 1662 Virginia ilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ndiye mwenye shamba. Yaani bwana akimwingilia mtumwa wake, anayezaliwa ni mali yake, si mrithi wake. Mwaka 1924 jimbo hilohilo likaandika kwamba mwenye chembe yoyote ya damu ya Kiafrika si mzungu, na ndoa za mchanganyiko zikaendelea kuwa jinai mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta katazo hilo mwaka 1967.

Sasa tazama pwani yetu. Sayyid Said bin Sultan alifariki 1856. Wanawe waliotawala Unguja baada yake, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewaita nusu. Nasaba ilikuwa ya baba. Sisemi mfumo ule ulikuwa mwema, nao ulisimama juu ya utumwa. Ila jumba lile lilihitaji warithi, na shamba la Virginia lilihitaji vibarua, ndiyo maana hesabu zikatofautiana.

Msimamo wangu: majina haya yalitungwa na mgawaji, awe anagawa ardhi, kura au mchele. Kwa hiyo anayestahili kulitaja jina ni mwenye mwili wake. Obama akisema mweusi, ni mweusi. Mwingine akisema yeye chotara na anaona fahari, ni chotara. Nani anapinga?

MCHANGIAJI, MTWARA
Mkuu, umesahau kusini. Kwetu Wamakonde ukoo ni wa mama. Dada yetu akizaa na mzungu wa shamba la mkonge, mtoto ni wetu, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Kogelo usiifanye Afrika nzima. Baba yake Obama angekuwa Mmakonde, kwa kanuni ya wazee yule bwana angekuwa mtu wa Kansas mpaka leo. Nacheka, lakini kanuni ndiyo hiyo.

MCHANGIAJI, DAR ES SALAAM
"Mwenye mwili aseme" ni maneno matamu ya watu wanaoweza kuchagua. Mimi ni mweusi tii, sijawahi kuulizwa najiita nani.

Tuseme ukweli, hapa mjini uchotara ni mtaji. Tazama mabango ya sabuni na mafuta, tazama mabinti wanaowekwa mbele kwenye video za Bongo Fleva. Siwatetei wanaowazomea machotara barabarani. Nasema jina linalomfungulia mtu mlango wa mbele lisijadiliwe kama kidonda peke yake. Mtoto akizaliwa mweupe jirani wanasifu, akizaliwa mweusi wanamwambia mama "atang'aa tu". Halafu tunashangaa mkorogo unauzwa kwa siri miaka yote hii pamoja na kupigwa marufuku.

Tena kujiita kuna mipaka. Tyla, yule mwimbaji wa Johannesburg, anajiita Coloured. Wamarekani weusi walimjia juu, maana kwao neno hilo limetoka kwenye mabango ya kutenganisha vyoo na mabasi. Kwake ni jina la jamii nzima ya Afrika Kusini, yenye mitaa yake na Kiafrikana chake. Na jina hilo nalo ni la mgawaji: sheria ya makaburu ya 1950 ndiyo iliyoandikisha kila mtu kwa rangi. Sasa mwenye mwili amesema. Je, wale waliotukanwa kwa neno hilo hawana haki ya kukunja uso?

MCHANGIAJI, LUBUMBASHI
Nyinyi mnabishana majina. Huku kwetu Kongo jina hilo lilitosha mtoto kuchukuliwa.

Wabelgiji waliona mtoto wa baba mzungu na mama mweusi ni hatari, anavuruga mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa. Basi metisi, ndio machotara kwa lugha yao, wengi waliondolewa kwa mama zao wakapelekwa kwa watawa, wengine Katende huko Kasai, wengine Save huko Rwanda. Uhuru ulipokaribia, watoto wa Save walipandishwa ndege mpaka Ubelgiji wakagawiwa familia za kulea. Wa Katende waliachwa palepale watawa walipokimbia.

Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni. Wanawake watano waliokulia Katende hawakushiba radhi, wakaishitaki serikali. Walishindwa 2021, wakakata rufaa, na Desemba 2, 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema waliyotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, kila mmoja alipwe euro 50,000. Mama hao wana zaidi ya miaka sabini.

Kilio cha metisi wengi wa enzi ile hakikuwa kuitwa metisi. Kilikuwa karatasi: jina la baba limefichwa, jina la mtoto limebadilishwa, hata tarehe ya kuzaliwa imebuniwa. Ndugu mleta mada, mtu wa hivyo ukimwambia "jiite upendavyo" umempa nini? Yeye anatafuta faili.

MCHANGIAJI, MOMBASA
Mgawaji umemtaja vyema, mchele wenyewe umeuruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula Unguja ulifuata asili ya mtu. Mwarabu na Mhindi walipangiwa mchele, Mwafrika unga. Mtu akiulizwa asili yake huku ameshika kikapu, mwataka ajibu nini?

Hapa kwetu wazee wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walisumbuka miaka na miaka. Mwingereza aliweka kiti cha Waarabu katika baraza la kutunga sheria, wao akawakataza kukipigia kura, eti wahesabiwe na Waafrika wengine, ilhali wameoana na Waarabu karne ngapi sijui. Wakawa waandika maombi na kutaja mababu mpaka wino ukaisha. Uhuru ukaja, gurudumu likageuka: vitukuu vyao wakaenda kuomba kitambulisho, wakawekwa mbele ya kamati na kutakiwa vyeti vya babu, kwamba huenda wao si Wakenya. Rais Ruto alitangaza kuyaondoa mahojiano hayo Februari 2025. Nyumba ile ile, jana mwambiwa ni Waafrika mno, leo mwambiwa hamjatosha.

MCHANGIAJI, TANGA
Mnanijadili na mimi nipo. Mama yangu Msambaa, baba Mjerumani. Naitika chotara, na sokoni naitika mzungu mpaka nifungue mdomo kwa Kisambaa, hapo bei ya nyanya hushuka yenyewe. Kaka wa Dar kasema kweli kuhusu mlango wa mbele. Nimewahi kupewa kazi ya tangazo ambayo binamu zangu, wazuri kunizidi, hawakuitwa hata kujaribiwa.

Ila mmebaki kwenye maneno, aliyegusa karatasi ni hao wawili wa juu yangu. Sheria yetu ya uraia inataka mtoto wa Mtanzania na mgeni akifika utu uzima abaki na uraia mmoja. Kaka yangu alichukua wa baba. Sasa akija kumuona mama anapanga foleni ya wageni na kulipia viza, nchi aliyozaliwa. Mimi nilibaki na wa hapa, na kila nikienda kushughulikia hati fulani huulizwa kama kweli ni yangu. Kenya iliruhusu uraia pacha kwenye Katiba ya 2010. Nipeni huo, jina mniite mtakalo.

MLETA MADA
Dada wa Tanga, kwenye uraia niko nawe bila ubishi. Bwana wa Lubumbashi, nimekusoma.

Kaka wa Dar, waliotukanwa wana haki ya kukunja uso, hawana haki ya kumtungia Tyla jina lingine. Na niongeze jambo, maana kuna watu wanataka sensa yetu irudishe swali la kabila na asili, lililoulizwa mara ya mwisho 1967. Mimi napinga. Marekani mwaka 2010 waliojitaja kuwa na asili zaidi ya moja walikuwa milioni 9, mwaka 2020 wakafika milioni 33.8. Hawakuzaliwa machotara karibu milioni 25 kwa miaka kumi! Sehemu kubwa ni fomu kubadilishwa na majibu kuchambuliwa kwa namna nyingine. Ukiweka kisanduku, watu watajipanga mbele yake.

MCHANGIAJI, DAR ES SALAAM
Mimi naunga mkono swali lirudi. Uingereza waliweka kisanduku cha mchanganyiko kwenye sensa ya 2001 na leo wanaweza kuonyesha nani anapata kazi na nani anasimamishwa zaidi na polisi. Sisi tuna nini? Tuna kijiwe. Nikisema weusi tii hawawekwi mbele ya kamera, mtaniambia nina wivu, na sina takwimu hata moja ya kuwajibu.