Mrejesho: ripoti za TFS zimerudi

Habari wakuu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini seva yetu ya ripoti hapa Dodoma imeunganishwa na Team Foundation Server (TFS, mfumo wa Microsoft wa kusimamia miradi ya kutengeneza programu), lakini kila ripoti inaleta rsErrorOpeningConnection, yaani kosa la kushindwa kuunganishwa na chanzo cha data. Mkuu mmoja akaniambia nikague akaunti ambayo ripoti hutumia kusomea data. Ndiyo yenyewe! Nenosiri lake lilibadilishwa kwenye domeni (mfumo wa akaunti za mtandao wetu), TFS ikabaki na la zamani. Nikafungua konsoli ya usimamizi, sehemu ya Reporting, nikasimamisha kazi zake za kiotomatiki (jobs), nikaandika nenosiri jipya, nikaziwasha tena.

Takwimu zikichelewa, vuteni subira: Tfs_Analysis, hifadhidata ya uchambuzi inayolisha ripoti, kwa kawaida huchakatwa kila baada ya saa 2. Jana jioni grafu ya kazi zilizobaki ilijichora mbele yetu, vijana wakapiga makofi. Mkuu, Mungu akubariki sana.